Ngozi ya "labda siku moja"

Kitambaa cha pamba kilikuwa kimeshatandazwa mezani, mkasi kando, chaki mkononi. Kiduka chenyewe ni cha uchochoroni nyuma ya Biashara Street, Mombasa, fundi ni mama wa makamo anayeshona sidiria na nguo za ndani. Mteja alikuja na sidiria ya kawaida ya dukani, akitaka kikombe cha kulia kishonewe mfuko kwa ndani, apate kutia titi la bandia la kuvaa. Fundi akampima. Akapima tena mkono ukiwa juu. Kisha akaiweka chaki.

"Mwanangu, leo sikati. Huku kwapani pana nyama imekunjika. Nikikushonea hivi, kila ukiinua mkono titi litakupanda shingoni."

"Najua, bi. Waliponiondoa titi waliniachia makusudi. Daktari alisema huenda siku moja nikataka kutengenezwa jingine."

"Siku gani?"

"Hakutaja. Labda siku moja."

Ilikuwa imepita miaka mitatu.

Maneno hayo matatu yamenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Makala za kutengeneza titi upya baada ya saratani zimejaa mtandaoni, nyingi zinaeleza vizuri mambo ya Marekani na Ulaya: mifuko ya silikoni inawekwa juu ya msuli siku hizi, nyama ya tumbo inaunganishwa kwa hadubini, wapo wanaochagua kubaki bapa. Yote ni kweli. Lakini hakuna niliyoisoma iliyomjibu yule fundi.

## Ngozi hiyo ni ya nini?

Anayeondoa titi ana njia tatu za kuifanya ngozi, na kila njia ina sababu yake.

Titi jipya likitengenezwa papo hapo, ngozi huachwa karibu yote. Mkato huzunguka chuchu, nyama ya ndani hutolewa, ganda linajazwa siku hiyo hiyo. Pengine chuchu nayo huachwa, ikiwa uvimbe uko mbali nayo na nyama iliyo chini yake imepimwa ikaonekana safi.

Ikiwa titi litakuja baadaye, ngozi ya kiasi huachwa na chini yake huwekwa puto la kuitanua.

Na kama hakuna mpango wowote, ngozi ya ziada inapaswa kutolewa yote, kifua kishonwe bapa.

Yule mteja hakupewa hata moja ya hizo tatu. Aliachiwa ngozi tupu. Ngozi tupu haisubiri mtu. Inanywea, inagandamana na mbavu, inajikunja pale pasipo na kitu cha kuishikilia, na ikipigwa miale ya kutibu saratani inakuwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Daktari wa kurekebisha maumbo akiitwa miaka mitatu baadaye, mara nyingi ataleta ngozi mpya kutoka mgongoni au tumboni. Ile iliyohifadhiwa haimsaidii kitu cha maana.

Kwa muda nilimtetea daktari yule. Nilijiambia alikuwa na nia njema, alitaka kumwachia mlango wazi. Nia njema alikuwa nayo, sibishi. Ila mlango huo haukuwa na nyumba nyuma yake: hakuna aliyempeleka kwa daktari wa kurekebisha, hakuna tarehe, hakuna puto. Na mwenye kifua hakuulizwa.

## Mifuko, kwa ufupi

Mifuko ya kwanza ya silikoni aliwekewa Timmie Jean Lindsey mwaka 1962 huko Houston, mikononi mwa Thomas Cronin na Frank Gerow. Hakuwa na saratani. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kwa waliokatwa titi, mfuko uliwekwa chini ya msuli wa kifua. Kasoro yake ni kwamba msuli ukikazwa, titi nalo linaruka. Mwanamke anakuna nazi, au anasukuma mlango wa matatu, titi linapanda juu. Ndiyo maana mkondo wa sasa ni kuuweka mfuko juu ya msuli, chini ya ngozi moja kwa moja, mara nyingi ukifungwa ndani ya utando maalumu.

Utando huo ni ngozi iliyosafishwa chembe zote hai. Ipo ya binadamu aliyefariki, ipo ya ng'ombe, ipo ya nguruwe. Mombasa hilo si jambo la pembeni. Uliza ni wa nini kabla ya kutia saini, maana daktari aliyesomea kwingine huenda lisimjie akilini kwamba laweza kuwa swali.

Wanaouliza kama upasuaji wenyewe ni kubadilisha maumbile ya Mungu wana jibu la maandishi. Julai 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, likaruhusu upasuaji wa kurekebisha kasoro iliyoletwa na ugonjwa au ajali, na kutengeneza upya titi lililoondolewa kumetajwa humo waziwazi.

Puto nalo lina hesabu yake. Huwekwa likiwa na maji kidogo. Kidonda kikishatulia, wiki 2 hivi au zaidi, maji ya chumvi huongezwa kwa sindano kupitia kilango kilicho chini ya ngozi, kwa kawaida mililita 50 hadi 100 kila baada ya wiki 1 au 2. Chukua titi la mililita 450. Puto limeanza na 100, zimebaki 350, ngozi inavumilia 60 kwa mara moja: hizo ni safari 6. Kwa mkazi wa Tudor, hapa mjini, si kitu. Kwa anayetoka Lamu au Kinango, nauli peke yake yaweza kuamua. Halafu bado kuna upasuaji wa pili wa kutoa puto na kuweka mfuko wenyewe. Na maputo mengi yana sumaku kwenye kile kilango, kwa hiyo lazima useme unalo kabla hujalazwa kwenye mashine ya MRI.

Mfuko si wa maisha. Unaweza kupasuka kimyakimya, au utando wa kovu unaouzunguka ukakaza hadi titi likawa gumu kama dafu. Kuna na jambo la mwaka 2019: Julai mwaka huo kampuni ya Allergan iliiondoa sokoni dunia nzima mifuko yake ya BIOCELL, ile yenye ganda la kukwaruza, baada ya FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, kuiomba, kwa kuwa ilihusishwa na limfoma, saratani nadra inayoota kwenye ule utando wa kovu. Dalili yake kubwa ni titi kuvimba ghafla na kujaa maji miaka kadhaa baada ya upasuaji. Kadi ya mfuko ina jina la kampuni, ukubwa na namba. Ipige picha siku hiyo hiyo, mtumie na mtu wako wa karibu. Kadi hupotea, hasa ukihama nyumba.

## Miale hupindua meza

Hapa ndipo makala za ughaibuni zinapoachana na pwani yetu.

Wagonjwa wetu wengi hufika uvimbe ukiwa mkubwa na tezi za kwapani zimeshaguswa. Maana yake, baada ya kukatwa wanapigwa miale. Tangu Coast General, hospitali ya rufaa ya Mombasa, ipate mashine yake, hakuna haja ya kwenda kupanga chumba Nairobi, na ratiba fupi ya vipindi 15 kwa wiki 3 yaweza kutumika badala ya ile ya zamani ya 25 kwa wiki 5. Hilo ni jema kabisa.

Lakini miale na silikoni hazipatani. Ngozi inakuwa nyembamba na ngumu, damu inapungua, utando wa kovu unakaza, kidonda kinaachia. Wapo wanaopita salama, na wapo madaktari wanaoweka puto kabla ya miale wakijua hatari wanayoichukua. Mimi naona kwa mgonjwa anayejulikana mapema kwamba atapigwa miale, mfuko wa papo hapo ni kamari, na anayelipa ni yeye, si aliyecheza.

Njia tulivu zaidi ni kumaliza matibabu kwanza, kungoja miezi 6 hadi 12 ngozi itulie, kisha kuleta nyama yake mwenyewe kutoka kwingine mwilini. Nyama yenye damu yake hustahimili mahali palipochomwa.

Kuna na pesa. Kiwango cha saratani cha SHA, bima ya afya ya serikali, huhesabiwa kwa familia nzima kwa mwaka. Kemo na miale vinakula humo humo, na kufika kwenye titi jipya pesa zinakuwa zimeshakwisha. Kungoja mwaka mwingine kwaweza kuwa uamuzi wa kitabibu na wa kifedha kwa pamoja, na hakuna aibu kuusema hivyo mbele ya daktari.

## Mgongo, kisha tumbo

Msuli mpana wa mgongoni ulitumiwa na Mwitalia Iginio Tansini zaidi ya miaka 100 iliyopita, ukasahaulika, ukarudi miaka ya 1970. Kipande cha ngozi chenye umbo la jani hukatwa pamoja na msuli, kikazungushwa kupitia handaki la kwapani hadi kifuani, kikiwa bado kimeshikana na mshipa wake wa damu. Hakihitaji hadubini. Ni kazi ya saa chache, na mpasuaji mzuri anaweza kuifanya katika hospitali isiyo na mitambo ya ajabu.

Hufeli wapi? Kwanza, mshipa wenyewe unapita kwapani, palepale tezi zilipochokolewa. Ukiwa ulikatwa au kufungwa wakati ule, mpango umekwisha, kwa hiyo ripoti ya upasuaji wa kwanza inatakiwa mkononi. Pili, maji hujikusanya mgongoni. Hii ndiyo kero ya kawaida kuliko zote. Mishono ya kushikiza ngozi na misuli ya chini husaidia, na mrija wa kutoa maji hauondolewi kwa hesabu ya siku, unaondolewa kwa hesabu ya maji: wengi hungoja yashuke chini ya mililita 30 kwa saa 24. Andika namba kila asubuhi kwa saa ile ile. Tatu, nguvu ya kuvuta inapungua. Mtu wa ofisini hatajua. Anayevuta ndoo kisimani au kupandisha mitungi ya maji ghorofa ya tatu kule Kongowea atajua, na aulizwe kazi yake kabla.

Tumbo lina hadithi mbili. Ile ya 1982 ya Carl Hartrampf ilichukua ngozi, mafuta na msuli mzima wa tumbo, ikavipitisha chini ya ngozi hadi kifuani. Titi linapendeza, ila tumbo linabaki dhaifu na linaweza kutoa ngiri. Hadithi ya pili, iliyoenea tangu miaka ya 1990, inaacha msuli. Inachukua ngozi na mafuta tu pamoja na vijimishipa vinavyopenya msulini, inakata kabisa, kisha inaviunganisha na mishipa iliyo kando ya mfupa wa kifua. Uzi unaotumika ni mwembamba kuliko unywele.

Hii ndiyo inayosifiwa kote sasa, na inastahili.

## Usiku wa kwanza

Tatizo la nyama iliyokatwa na kuunganishwa upya halimalizikii kwenye meza ya upasuaji. Linaanza saa nne za usiku wodini.

Kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo nesi anatakiwa kuikagua nyama hiyo kila saa. Si kuchungulia. Anagusa kwa mgongo wa mkono kuona kama ina joto sawa na kifua kilichobaki. Anabonyeza na kuachia: rangi irudi ndani ya sekunde 2 au 3. Anaweka kidude cha dopla, cha kusikiliza damu ikipita, juu ya alama iliyoshonwa na uzi, asikilize mshindo.

Vitabu vingi vinasema "angalia kama imepauka au imekuwa zambarau". Kwa ngozi nyeupe, sawa. Kwa ngozi yetu nyeusi zambarau haionekani mpaka mambo yameharibika. Hapo joto, mshindo na sindano ndivyo vinavyosema kweli. Ikichomwa kidogo, damu nyekundu ikatoka taratibu, salama. Ikitoka nyeusi na haraka, mshipa wa kurudisha umeziba, na huo ndio huziba zaidi. Isipotoka kabisa, ule wa kuleta ndio umeziba.

Kisha nini? Kisha chumba cha upasuaji kifunguliwe saa nane za usiku, mpasuaji yule yule afike, hadubini iwashwe. Kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kuiokoa. Kwa hiyo swali la kumuuliza hospitali yoyote inayokuahidi kazi hii si "mna hadubini?" Uliza: nani anakagua usiku, kila baada ya muda gani, na ikiziba saa nane, nani anakuja na anatoka wapi? Anayekuja kutoka Nyali yuko karibu. Anayekuja kwa ndege ya asubuhi kutoka Nairobi ameshachelewa.

## Bapa nayo ni kazi

Nilikuwa nikiamini kubaki bapa ni kukosa. Ulikuwa ujinga wangu. Mwaka 2020 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliweka kwenye kamusi yake maana rasmi ya kufunga kifua bapa kwa mpangilio, kama upasuaji wenye ustadi wake. Wanawake wenyewe ndio waliosukuma, wengi wao wakiwa wameamka na mikunjo ile ile aliyokuwa nayo mteja wa uchochoroni, baada ya kusema wazi kwamba hawataki titi jingine.

Kazi yenyewe huanza kabla ya usingizi. Mgonjwa akae wima, si kulala, kwa sababu akilala ngozi humwagika upande na kudanganya. Mpasuaji achore kwa kalamu mstari wa chini ya titi, mstari wa katikati ya kifua, na pale nyama inapoishia kuelekea mgongoni. Mkato urefushwe mpaka mwisho wa nyama, usikatizwe njiani kwa kuogopa kovu refu. Kovu refu lililo bapa halimsumbui mtu kama kovu fupi lenye pembe ya ngozi iliyojikunja mwishoni. Ule mfinyo wa chini ya titi uvunjwe. Ngozi ishikizwe kifuani isibaki na mwanya wa maji.

Pembe inayoachwa kwapani ndiyo mbaya zaidi kwa hali yetu ya hewa. Inasuguana na mkono, inatunza jasho, Februari inapata fangasi. Sidiria haiishiki. Buibui inaificha, lakini kuficha si kupona.

Kovu la kifuani kwa ngozi nyeusi pia hupenda kuota na kuinuka. Kama una kovu lolote lililowahi kufanya hivyo, la chanjo begani au la sikioni, mwonyeshe daktari mapema ili mishono isivutwe, na sindano za kulilainisha zianze kovu likiwa bado changa.

## Chuchu, hina na piko

Chuchu inaweza kufinyangwa kwa ngozi ya titi jipya, ila hunywea kwa miezi. Hufinyangwa kubwa kupita kiasi makusudi. Mkondo wa sasa ni kuichora kwa wino wa kudumu, kivuli na mwanga, mpaka ionekane imeinuka. Kwa wengi hapa wino wa kudumu ni haramu na mjadala huishia hapo.

Hina basi? Hina halisi ya majani, ndiyo, ikishapona ngozi kabisa. Hukaa wiki moja mbili, unaichora tena. Piko, hapana. Rangi ile nyeusi ina kemikali ya rangi za nywele, na kuna maharusi wengi mji huu wenye malengelenge ya ushahidi mikononi. Kwenye ngozi iliyopigwa miale usijaribu hata tone.

## Uzito wa titi la kuvaa

Kwa wengi wetu hili ndilo litakalokuwepo, na hakuna anayelieleza vizuri, kwa hiyo nalieleza.

Uzito si mapambo. Upande mmoja ukiwa mzito, bega la upande mtupu hupanda na shingo huuma. Kupata kipimo, jaza bakuli maji pomoni, liweke juu ya sinia, inama na kulizamisha titi lililobaki. Maji yaliyomwagika kwenye sinia yapime kwa kikombe cha mililita. Nyama ya titi inakaribiana na maji kwa uzito, kwa hiyo mililita 400 ni kama gramu 400.

Mfuko wa mtama au uwele wenye ujazo huo huo utakuwa na gramu 300 hivi, kwa sababu nafaka ina hewa katikati. Anza na huo, mwili uzoee. Mfuko uwe wa pamba wa tabaka mbili, nafaka ikae nyuma na chini, pamba laini mbele kwa umbo. Shida ya nafaka Mombasa ni jasho: inaota ukungu, na usipoangalia fukusi wanahamia. Badilisha kila wiki 2, uanike mfuko juani. Shanga za kioo zilizochanganywa na sufi ya mto hufulika na hazioti kitu. Chubwi za kuvulia zina uzito mzuri, lakini ni madini ya risasi, nayo ni sumu, waachie wavuvi.

La pamba tupu, jepesi, laweza kuvaliwa mapema. Lenye uzito lingoje wiki 6 hadi 8 kidonda kipone, na kama kuna miale, lingoje hadi ngozi iache kuchubuka.

## Kwa ambao wameshaachiwa

Pembe ya kwapani inaweza kuondolewa hata baada ya miaka. Ikiwa ndogo, hufanywa kwa ganzi ya sehemu tu, unaingia asubuhi na kurudi nyumbani mchana. Upande uliopigwa miale hupona polepole, na daktari atataka ipite miezi kadhaa tangu kipindi cha mwisho. Nenda na ripoti ya upasuaji wa kwanza. Simama mbele ya kioo, inua mkono, bana kinachojikunja kwa vidole viwili, mwambie daktari achore hapo kabla hujapanda kitandani. Na sema moja waziwazi: nataka titi baadaye, au sitaki. Ukisema sijui, naye atakata kama asiyejua.

Fundi alikikunja kitambaa akakiwekea pini yenye kikaratasi cha vipimo. Alimwambia mteja akaondolewe kwanza ile nyama ya kwapani, arudi wiki 6 baada ya mishono, aje na ile sidiria, na asivae ya kubana siku hiyo. Atampima mara tatu: amesimama, amekaa, na ameinama kama anayefua.